Barua ya Kilomita Nne

Mwaka 1999, mtu aliyekaa katika ofisi ya Moi Avenue akimwandikia mwenzake wa Westlands barua pepe alikuwa anamwandikia mtu ambaye angemfikia kwa miguu ndani ya saa moja. Ni kilomita nne hivi. Unapita University Way, unateremka Museum Hill, unapanda upande wa pili, umefika. Barua yenyewe haikupita Museum Hill. Kama wawili hao walikuwa wateja wa kampuni mbili tofauti za intaneti, barua ilikatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, kila kimoja kikiwa na anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda, na safari ya vipande hivyo ikaanza kwa kutoka nje ya nchi.

Njia ilikuwa setilaiti. Pakiti zilipelekwa kwenye antena kubwa za Longonot, kule Bonde la Ufa, zikarushwa hadi kilomita 35,786 juu ya ikweta, zikateremka Marekani au Ulaya. Huko ugenini ndiko mitandao ya kampuni zetu mbili ilikokutana. Zikavuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, zikarushwa tena juu, zikarudi Longonot, zikaingia Nairobi, zikafika Westlands. Panda, shuka, panda, shuka: zaidi ya kilomita 143,000 kwa safari ya upande mmoja. Jibu la "nimepokea" likirudi kwa njia ileile, jumla inapita 286,000. Mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoushinda mbio, unahitaji karibu sekunde moja kumaliza mwendo huo. Ongeza muda wa kungoja kwenye foleni za ruta, vifaa vinavyozielekeza pakiti njia, na hapo unaelewa kwa nini mafundi wa Nairobi waliopima wakati ule walipata kati ya milisekunde 1,200 na 2,000 kwa kwenda na kurudi.

Historia ya mwendo kasi wa pakiti katika mji huu nimeifuatilia kwa miaka mingi, kwanza kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha, kisha kwa sababu naipenda. Mara nyingi husimuliwa kama historia ya mitambo: mtambo wenye nguvu zaidi ukaja, kasi ikaongezeka. Mimi naiona kama historia ya safari zisizo na haja, na ya watu waliokaa chini wakauliza kwa nini kitu kilicho karibu kinapelekwa mbali.

Waliotangulia hawakuwa na uchaguzi mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti kamili haijafika, shirika la mazingira la ELCI hapa Nairobi lilikuwa kituo cha barua pepe kwa teknolojia iliyoitwa FidoNet. Barua zilikusanywa kwenye kompyuta moja, zikabanwa pamoja ili zipungue ukubwa, kisha modemu ikapiga simu London, kwa shirika la GreenNet, mzigo wote ukaenda kwa simu moja. Dakika ya simu ya kimataifa ilikuwa ghali mno kupigwa kwa ajili ya barua moja. Naomba msomaji aikumbuke hila hiyo ya kukusanya kwanza na kutuma kwa mkupuo, kwa maana tutaikuta tena ndani ya kompyuta, miaka ishirini baadaye, katika kazi iliyodhaniwa kuwa mpya kabisa.

Mwaka 1995 kampuni za kwanza za intaneti ya biashara zilianza kuuza huduma Nairobi. Miongoni mwa zilizojulikana sana ilikuwa Africa Online, iliyoasisiwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Wateja wakaongezeka, kampuni zikaongezeka. Njia ya kutoka nje ya nchi ikabaki moja. Shirika la posta na simu lilipogawanywa mwaka 1999, Telkom Kenya ilirithi haki ya peke yake ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa kwa miaka mitano, na mdhibiti mpya, Tume ya Mawasiliano ya Kenya, CCK, akawekwa kuilinda sheria hiyo. Kila kampuni ya intaneti ilinunua kwa Telkom njia yake ya kwenda ng'ambo, na kwa kuwa ng'ambo ndiko ilikokutana na jirani zake, ililipia ng'ambo hata mazungumzo ya Wanairobi kwa Wanairobi.

Wenye kampuni hizo, wakiwa chini ya chama chao cha TESPOK, walijua dawa. Ilikuwa ya kawaida London na Marekani: mnaweka swichi mahali pamoja, kila mmoja analeta waya wake, na pakiti ya kwa jirani inaingia kwa jirani moja kwa moja. Brian Longwe alikuwa mmoja wa waliosukuma jambo hili hadi likawa. Mwishoni mwa Novemba 2000, kituo kilichopewa jina la KIXP kilianza kazi karibu na katikati ya mji. Mgeni angeingia chumba kile akitarajia maajabu akatoka akiwa amevunjika moyo: swichi mbili, ruta kadhaa za wanachama, nyaya, na sauti ya feni. Hakikuwa na waya wa kwenda popote nje ya chumba ambao ni mali yake.

Kiliishi wiki mbili hivi. Telkom ililalamika kwamba haki yake imevunjwa, na CCK ikaamuru kituo kifungwe kwa kukosa leseni. Pakiti za Moi Avenue zikarudi angani.

Kipindi kilichofuata ndicho ninachokiheshimu kuliko vyote, ingawa hakuna picha zake za kupendeza. Kwa zaidi ya mwaka, watu waliozoea kusoma michoro ya mitandao walijifunza kusoma sheria. Hoja yao ilikuwa kwamba kituo ni mahali pa kundi la wanachama wanaobadilishana kilicho chao, jambo ambalo sheria iliruhusu. Kwamba hakibebi mawasiliano ya kimataifa hata kidogo, kwa hiyo hakigusi haki ya Telkom. Na kwamba ukitazama ndani utakuta swichi, kifaa kilekile kinachounganisha kompyuta za ofisi yoyote mjini. Hoja ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito wa kweli, maana iliwalazimu wasikilizaji kufuata pakiti hatua kwa hatua kwa kidole mezani, na yeyote aliyefanya hivyo hakuweza tena kuitetea safari ya Longonot. Hatimaye CCK ilikubali kutoa leseni, na Februari 2002 KIXP ilifunguliwa upya.

Vipimo vya kwanza vilisema vyenyewe. Milisekunde 1,200 hadi 2,000 zilishuka hadi kati ya 60 na 80. Njia ya kilobiti 64, iliyogharimu dola 3,375 kwa mwezi ikipitia ng'ambo, iliwezekana kwa dola 200 ikiishia hapa. Ile ya kilobiti 512 ilitoka dola 9,546 hadi 650. Hakuna aliyevumbua chochote. Swichi ilikuwa swichi, na waya waya.

Mwaka 2009 bahari nayo ikaja. Kebo ya TEAMS, iliyovutwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilifika ufukweni Mombasa mwezi Juni. SEACOM ikawashwa Julai. EASSy ikafuata mwaka 2010. Safari ya ng'ambo ikaacha kupitia angani, bei zikaanza kuporomoka, na mitaa na barabara za magharibi mwa mji, Ngong Road, Kilimani, Waiyaki Way, zikajaa mitaro ya faiba na vijana wenye kompyuta za mkononi. iHub ilifunguliwa Machi 2010 katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road. Mambo mengi yamesemwa kuhusu miaka ile, mengine kwa kutia chumvi. Mimi nasema tu kwamba ndiyo miaka tuliyopata kasi ya kutosha kugundua kwamba programu zetu wenyewe zilikuwa nzito.

Hapa lazima niingie ndani ya kompyuta. Njia ya gigabiti 10 kwa sekunde, zikija pakiti ndogo kabisa za Ethernet, hubeba pakiti milioni 14.88 kwa sekunde. Maana yake kila moja ina nanosekunde 67 za kushughulikiwa kabla inayofuata haijabisha hodi. Prosesa ya gigahezi 3 inapata mapigo mia mbili hivi kwa muda huo. Kuchota kitu kimoja kutoka kumbukumbu kuu ya kompyuta kunaweza kuula muda wote huo, hujafanya kazi yoyote. Swichi kubwa hufanya kazi hii kwa chipu zilizotengenezwa mahsusi. Lakini seva za kuhifadhi nakala za video, kuta za ulinzi, vipimio vya msongamano, na ruta za kampuni ndogo ndogo za mitaani hutegemea programu, na programu hutegemea namna ilivyoandikwa.

Tangu mwaka 2005, prosesa za kawaida zilipoanza kuuzwa zikiwa na viini viwili na zaidi ndani ya kipande kimoja, jibu la haraka kwa kila tatizo la kasi likawa ni kugawa kazi kwa thredi nyingi: nyuzi za kazi zinazotembea sambamba ndani ya programu moja, kila moja kwenye kiini chake. Nilikuwa miongoni mwa walioamini hivyo. Nikifanya kazi katika kampuni ndogo upande wa Kilimani, niliandika programu ya kutuma pakiti kwa wingi ili tupime njia zetu kabla ya kumuunganisha mteja. Uzi mmoja ulinipa kasi fulani, haikunitosha. Nikaweka nyuzi nne. Kasi ikashuka chini ya ile ya uzi mmoja. Nikaweka nane, ikashuka zaidi. Nilikaa na jambo hilo siku tatu hadi mhandisi mkubwa wa ofisi, mtu aliyeanza kazi enzi za modemu, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Kijana, hizo thredi zako zinafanya kazi au zinangoja?"

"Zinafanya kazi, mzee. Angalia hapa, prosesa imejaa kabisa."

"Imejaa kungoja," akasema, akavuta kiti.

Fikiria ofisi ya serikali yenye makarani wanane na muhuri mmoja. Watu wanaona makarani wanane dirishani wakafurahi, kumbe kila fomu lazima ingoje muhuri upite mkono kwa mkono. Karani aliyeushika anagonga mara moja, anaupisha. Wengine saba wamenyoosha mikono. Ukiongeza karani wa tisa umeongeza mkono mwingine unaonyooka. Muhuri wangu ulikuwa kufuli niliyoweka kwenye foleni ya pamoja, ili nyuzi mbili zisichukue pakiti moja kwa wakati mmoja. Ilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo iliyokuwa ugonjwa.

Tuliiondoa. Kila uzi ukapewa foleni yake kwenye kadi ya mtandao, maana kadi za kisasa zina foleni nyingi, na kila uzi ukapewa akiba yake ya kumbukumbu ya kuwekea pakiti. Kasi ikapanda, lakini si mara nne kama nilivyotarajia. Mzee akaniambia nichapishe mahali kila kitu kinapokaa kwenye kumbukumbu. Na hapo nikaona: kila uzi ulikuwa na namba yake ya kuhesabia pakiti zilizotumwa, namba ya baiti nane, na nilikuwa nimezipanga zote nne safu moja, bega kwa bega. Prosesa haichoti baiti nane. Huchota kipande cha baiti 64 kwa mara moja. Kwa hiyo namba zangu nne zilikaa ndani ya kipande kimoja, na kila uzi ulipoongeza moja kwenye namba yake, kipande chote kilinyang'anywa kutoka kiini cha jirani, ambacho kilikuwa nacho kikikihitaji papo hapo. Nyuzi hazikuwa zinashirikiana chochote, ila zilikuwa zinapokonyana daftari la kuhesabia. Nikaacha nafasi tupu ya baiti 56 baada ya kila namba. Mistari miwili ya programu. Kasi ikapanda karibu sawasawa na idadi ya nyuzi.

Ilikuwa Longonot tena, ndani ya kitu kinachoenea kiganjani. Kilichokuwa karibu kilikuwa kinasafirishwa bila sababu, na kila safari ilikuwa ndogo mno kuonekana kwa jicho.

Kisha tukakutana na hila ya ELCI. Kila mara programu inapoukabidhi mfumo endeshi pakiti moja, kuna gharama ya kubisha mlango. Ukipeleka pakiti 64 kwa mkupuo, unabisha mara moja. Matatu ya 46 kwenda Kawangware haiondoki stejini na abiria mmoja, na makanga anajua hesabu hiyo vizuri. Anajua pia upande wake wa pili, kwamba abiria wa kwanza kukaa ndiye anayechoka, na matatu ikingoja sana itakimbiwa. Programu nzuri ya pakiti hufanya kama makanga mwerevu: ikiwa foleni imejaa inajaza gari, ikiwa watu ni wachache inaondoka na waliopo.

Duniani wengine walikuwa wanakimbiza swali lilelile. Mwaka 2012 Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, alieleza mfumo wake wa netmap, ambao kwa kiini kimoja tu cha prosesa kilichopunguzwa hadi megahezi 900 uliijaza njia ya gigabiti 10 kwa pakiti zile milioni 14.88. Intel ilikuwa na DPDK, inayoiruhusu programu kuishika kadi ya mtandao moja kwa moja bila kupitia mfumo endeshi. Mwaka 2016 Linux ikapata XDP, inayoamua hatima ya pakiti pale pale inapoingia, kabla haijapewa hata kiti. Ukizisoma zote tatu utaona mkono mmoja: usinakili, usishirikishe usichohitaji kushirikisha, kusanya, na pakiti iliyoanza kwenye kiini kimoja imalizie hapo hapo. Hili la mwisho lina sababu ya ziada. Pakiti za mazungumzo mamoja zikigawanywa ovyo kwa nyuzi tofauti hufika zikiwa zimepishana, na itifaki ya TCP, ikiona mpangilio umevurugika, hudhani kuna zilizopotea njiani na kupunguza mwendo. Kwa hiyo kadi huchukua anwani mbili na namba za milango yake, huzikokotoa kuwa namba moja, na kwa namba hiyo mazungumzo mamoja hubaki na karani mmoja toka mwanzo hadi mwisho.

Si kila kazi inakubali kuondolewa muhuri. M-PESA ilipozinduliwa Machi 2007, fedha zilizotumwa kutoka kibanda cha Kangemi kwenda kibanda cha Kawangware zilihesabiwa kwenye seva zilizokuwa ng'ambo, na hesabu hizo zikabaki huko hadi mwaka 2015 zilipohamishiwa Kenya. Uhamisho ule niliuona kuwa ndugu wa pili wa KIXP: hesabu ya watu wa hapa ikarudi nyumbani. Lakini ndani ya mfumo wowote wa fedha, akaunti moja haiwezi kuguswa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja, la sivyo shilingi mia itatolewa mara mbili. Hapo kufuli ni wajibu. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha ni kufuli ya akaunti ile tu, na kwamba mama mboga wa Kangemi hamngojeshi mtu wa Kisumu ambaye hana naye deni wala dai.

Chumba cha swichi mbili nacho kilikua. Kufikia mwaka 2012 KIXP ilikuwa inapitisha zaidi ya gigabiti moja kwa sekunde saa za msongamano, na muda wa kwenda na kurudi ulikuwa kati ya milisekunde 2 na 10, badala ya 200 hadi 600 za njia ya ng'ambo. Michuki Mwangi, aliyewahi kukisimamia kituo, akaenda kuwafundisha wengine barani namna ya kujenga vya kwao. Mamlaka ya Mapato ikaunganishwa, watu wakawasilisha hesabu za kodi bila kuvuka mpaka. Nakala za video zinazotazamwa sana zikawekwa kwenye seva za humu humu mjini. Mwaka 2020, tathmini ya Internet Society ilionyesha msongamano umefika gigabiti 19 kwa sekunde, na kwamba asilimia 70 hivi ya kinachotumiwa kwenye intaneti ya Kenya kinapatikana ndani, kutoka asilimia 30 mwaka 2012. Gigabiti 19, zikiwa pakiti kubwa kabisa za kawaida, ni zaidi ya milioni moja na nusu kila sekunde. Zikiwa ndogo kabisa, milioni 28.

Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota siku nzima na zaidi. Jioni ile nilikuwa nyumbani, Kawangware. Tovuti za ng'ambo zilifunguka kama enzi za modemu. Nikafungua kidirisha cheusi na kuituma pakiti moja kwa seva ninayoitunza katikati ya mji, kisha nyingine, kisha kumi. Zilipita Westlands, zikavuka kwenye swichi, zikarudi. Milisekunde nne. Nne. Tano. Nne.